Wali wa Mgeni

Nilikataa wali. Sikukataa kwa ukali. Nilisema kwa upole kabisa, mkono kifuani, nikitabasamu: "Susu, asante sana, lakini mimi nimekuja kula chakula chenu cha kiasili." Nilidhani nimempa heshima. Imenichukua karibu mwaka mzima kuelewa nilimpa nini hasa.

Wacha nianze mwanzo.

Mimi ni mtoto wa Umoja. Nimezaliwa Nairobi, nimesomea Nairobi, na ocha kwetu, kule kando ya ziwa, naenda wakati wa matanga na Krismasi tu. Kitu ninachopenda duniani baada ya usingizi ni chakula, na kwa miaka kadhaa sasa natazama video za watu wanaosafiri ili kula. Unawajua. Yuko soko la Chiang Mai alfajiri, anavipita vibanda vyenye watalii, anaingia uchochoroni, anaketi kwenye kistuli cha plastiki mbele ya mama anayetwanga papai bichi kwenye kinu. Anaonja, anafumba macho, kisha anaiambia kamera kwamba hiki ndicho chakula halisi cha Thailand, ambacho watalii hawakijui. Mama anacheka. Hatujui anachekea nini, kwa sababu hakuna aliyetafsiri.

Nauli ya kwenda Bangkok sina. Lakini nilijiambia kwamba kitu halisi hakihitaji pasipoti. Rafiki yangu wa kazini kwao ni Mbumbuni, Makueni, na Agosti alikuwa anaenda kumwona nyanya yake. Nikamwomba twende pamoja. Akaniuliza, "Unaenda kufanya nini huko na ukame huu?" Nikamwambia nataka kula muthokoi uliotwangwa kwa mkono, mahali unapotwangwa. Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba unapanda matatu ili ukaone foleni. Lakini akakubali.

Tulibadilisha gari Machakos, tukapita Masii na Tawa, na kadiri tulivyosonga ndivyo ardhi ilivyobadilika rangi. Agosti Ukambani si mwezi wa picha za kijani. Mahindi yameshavunwa, kama yalikuwepo. Mito imebaki mchanga mtupu, na ndani ya mchanga huo watu wamechimba visima vya kuchota kwa kata, na punda wanasubiri na mitungi ya plastiki ubavuni. Kilichosimama shambani ni mbaazi, maana mizizi yake huenda chini kutafuta maji ambayo mahindi hayawezi kuyafikia. Kwa Kikamba zinaitwa nzuu. Mimi niliona mandhari. Rafiki yangu aliona kitu kingine, maana alinyamaza kutoka Tawa mpaka tuliposhuka.

Susu alikuwa ametusubiri. Nakuomba uione meza ile kama ninavyoiona mimi sasa, kwa sababu siku ile sikuiona. Kulikuwa na sufuria ya wali mweupe, uliopikwa ukachambuka punje kwa punje. Kulikuwa na kuku, na nilipotoka nje nikaona manyoya yake bado mapya kando ya jiko. Kulikuwa na chapati zimefunikwa kwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Chupa ya chai. Soda mbili, baridi kidogo, zilizowekwa ndani ya beseni la maji. Maji, katika mwezi ule ambao maji hubebwa na punda.

Na hapo ndipo niliposema maneno yangu.

Susu hakusema kitu. Alimtazama mjukuu wake. Rafiki yangu akatafsiri, ingawa Susu alinielewa vizuri kabisa, na nadhani alikuwa akitafsiri ili apate muda wa kulainisha. Susu akauliza kwa Kiswahili, "Muthokoi? Wewe umetoka Nairobi, ukuje kula muthokoi?" Nikasema ndiyo, kwa furaha. Akasema, "Haya. Kesho." Nikala wali kidogo kwa adabu, paja la kuku nikaliacha. Nilikuwa naihifadhi njaa yangu kwa ajili ya kitu halisi.

Kesho yake aliamka kabla ya jua. Niliposikia mchi ukigonga kinu, nikatoka na simu. Kama hujawahi kuona, ni hivi: mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, kisha hutwangwa polepole ili ganda livuke bila punje kuvunjika. Ukitia nguvu nyingi unapata chenga. Ukitia kidogo, ganda linabaki. Baadaye unapepeta kwa ungo, makumbi yanaenda kwa kuku, na punje zinabaki nyeupe, laini, kama meno ya maziwa. Halafu zinachemshwa pamoja na mbaazi au maharagwe, saa baada ya saa, na kila saa ina kuni zake. Kabla ya yote hayo Susu aliketi na sinia akiyachagua mahindi moja moja, akiyanusa. Nikampiga picha akinusa. Ilitoka picha nzuri sana.

Jioni tulikula. Niseme ukweli bila kupunguza: sijawahi kula muthokoi kama ule. Ulikuwa na ule utamu wa polepole ambao hauji na tonge la kwanza, unakuja na la tano. Nikaiposti picha ya bakuli, pamoja na ile ya Susu kwenye kinu, na maneno niliyojivunia: "Chakula halisi cha Mbumbuni. Hakuna wali wa wageni hapa." Kabla ya kulala nilikuwa na laiki zaidi ya 300.

Jumapili baada ya kanisa simu ya Susu ililia. Alikuwa binti yake, anti ya rafiki yangu, anayekaa Machakos. Mazungumzo yalikuwa ya Kikamba na sikuelewa kitu isipokuwa neno moja nililolisikia mara tatu: mueni. Mgeni. Susu alijibu kwa sauti ya chini, akaondoka na simu nyuma ya nyumba. Aliporudi hakuonyesha hasira. Alionekana mdogo kidogo kuliko alivyokuwa amekwenda.

Rafiki yangu aliniambia usiku. Mtu wa familia ameiona posti yangu. Habari imezunguka. Anti amepiga akiuliza, je, ni kweli mgeni ametoka Nairobi akapewa muthokoi? Kama pesa imekwisha, mbona hukutuambia? Sasa watu watasema watoto wako wamekutupa. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho rafiki yangu hakutaka kuniambia, lakini alikuwa amekasirika, akakisema: mchele ule ulichukuliwa dukani kwa deni. Kilo 2. Susu hula wali Krismasi, na siku ambayo kuna mgeni.

"Alikupa kitu ambacho yeye mwenyewe hana," rafiki yangu akasema. "Ukamwambia hapana, nipe unachokula kila siku. Halafu ukawatangazia watu."

Nilitaka kujitetea. Hata leo sehemu moja ya mimi inataka. Kwa hivyo acha nijitetee hapa, tuone utetezi utafika wapi, kwa sababu swali hili ni kubwa kuliko aibu yangu: mgeni anapotaka kujua chakula cha watu, ana haki ya kuomba nini?

Utetezi wa kwanza: nilikisifu chakula chao. Vijana wangapi wa Nairobi wanaona haya kusema wamekula githeri? Wazazi wetu walifundishwa kwamba mboga za kienyeji ni za maskini na mkate ndio maendeleo. Hilo limeanza kubadilika, na ni jambo jema. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya kiasili katika orodha yake ya mifano bora. Leo managu na terere zinauzwa kwenye supamaketi, na muthokoi pia, umefungwa kwenye pakiti ya plastiki, umekobolewa kwa mashine. Kama kila mtu angeona haya kama anti wa Machakos, tungebaki na nini?

Utetezi huo una nguvu, lakini una tundu. Unachukulia kwamba sifa ni sifa tu, popote inapotoka. Mimi nilipokula muthokoi nilikuwa nimeuchagua, na Jumanne ningekuwa Nairobi nikichagua kitu kingine. Susu hakuwa amechagua. Mwezi Agosti, mahindi na mbaazi ndivyo vilivyomo ghalani, na siku vikiisha vimeisha. Bakuli ni lile lile, lakini mtu anayeweza kuondoka mezani na mtu asiyeweza hawali chakula kimoja. Ninapokiita "halisi" mbele yake, anasikia: hali yako hii, ibaki hivyo hivyo, inanipendeza.

Utetezi wa pili: wali si chakula chao. Ni cha kuletwa. Mimi nilikuwa natafuta cha asili.

Hapa ndipo nilipoanza kusoma, na ndipo utetezi ulipoangukia mguu wangu. Mahindi si ya Ukambani. Yalitoka Marekani, yakaletwa pwani yetu katika zama za Wareno, na yalichukua muda mrefu kupanda bara na kuusukuma pembeni mtama na mawele. Mchele, kwa upande wake, ulikuwa Pemba yapata miaka 1000 iliyopita, maana wanaochimba mabaki ya kale wameokota punje zake huko. Yaani kwenye ardhi ya Afrika Mashariki, wali ni mzee kuliko ugali wa mahindi kwa mamia ya miaka. Ni kweli Pemba si Mbumbuni. Lakini kama kipimo ni nani alitangulia, basi nilichokisukuma mezani kilikuwa na ukoo mrefu kuliko nilichokidai.

Na mchele tunaonunua madukani una safari zake. Kuna wa Mwea, mradi ulioanzishwa miaka ya 1950 wakati wa Hali ya Hatari, mifereji ikichimbwa na watu waliokuwa kizuizini. Kuna unaoshushwa bandarini Mombasa kutoka Pakistan, India, na ndiyo, Thailand. Sijui ule wa Susu ulitoka wapi. Lakini fikiria kichekesho hiki: mtu aliyekuwa akiota kwenda kula Thailand anakaa Mbumbuni mbele ya sufuria ambayo pengine imetoka Asia, anaisukuma kando kwa sababu haina uhalisi wa kutosha.

Hata kule Thailand kwenyewe, ukikwaruza kidogo neno "asili" rangi inabanduka. Pad thai, zile tambi za kukaanga ambazo dunia nzima inazijua, zilisukumwa na serikali ya Phibun wakati wa Vita Vikuu vya Pili, miaka michache baada ya nchi kuacha kuitwa Siam mwaka 1939, ili watu wawe na chakula kimoja cha taifa jipya. Mwaka 2002 serikali ya huko ilianzisha mpango rasmi wa kuongeza mikahawa ya Kithai duniani, wakijua kwamba anayeonja leo atakata tiketi kesho. Na yule mama wa video anayetwanga papai bichi? Chakula hicho, som tam, ni cha watu wa Isan, kaskazini mashariki, sehemu kavu na maskini ya nchi, ambako vijana hufunga mizigo kwenda Bangkok kujenga, kuendesha teksi na kufua nguo za wengine. Walibeba kinu chao hadi mjini. Papai na pilipili vilivyomo ndani ya kinu hicho asili yake ni Marekani, kama mahindi yetu.

Niliposoma hayo niliona Isan kama naiona Makueni. Watu wa mahali pakavu, wanaokwenda mjini kufanya kazi, wakiwa na kinu mgongoni. Na nikajiuliza kwa mara ya kwanza yule mama wa video alikuwa anacheka nini.

Utetezi wa tatu ndio uliokuwa mgumu kuuacha: mimi si mzungu. Mimi si mtalii. Mimi ni Mkenya, nimeketi na nyanya wa rafiki yangu. Mambo ya kutazama watu kama maonyesho ni ya wengine.

Enyewe huu ulinishika mpaka nilipokumbuka kitu cha nyumbani kwetu. Umoja tulikula omena sana. Mama alikuwa na sufuria yake ya omena, na mgeni akibisha hodi, sufuria ile ilikuwa inaingia chini ya kitanda kabla mlango haujafunguka. Sisi watoto tulitumwa kwa mlango wa nyuma kwenda kununua mkate na soda, na pesa yake ilikuwa ya nauli ya kesho. Dirisha lilifunguliwa harufu itoke. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, lakini tulijua: omena ni yetu, mkate ni wa mgeni. Sasa fikiria mgeni yule angesema, "Hapana, sitaki mkate, nimesikia nyinyi mnakula omena, ivuteni hapa niionje." Fikiria angetoa kamera. Mama yangu angempa, kwa sababu mgeni hanyimwi. Na asingesahau mpaka kufa.

Mimi nilikuwa najua haya yote. Niliyajua toka nina miaka 6. Kuvuka kaunti mbili kulitosha kunisahaulisha, na sidhani ni pasipoti inayomfanya mtu mtalii. Ni kusahau kwamba kwa watu wengine pia kuna chini ya kitanda.

Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku zote niliisikia methali hii kama mzaha: mgeni akija, hata wenyeji wanakula vizuri. Baada ya Mbumbuni nasikia kitu kingine. Mtu anayeishi kwa kupimiwa na mvua, na watoto wanaotuma pesa wakipata, na duka linalokopesha likitaka, hana siku nyingi za kuwa mtoaji. Mgeni anamletea siku moja ya namna hiyo. Siku hiyo anachinja, anakopa, anapika wali, na kwa jioni moja yeye ndiye mwenye nacho. Hapo ndipo anapopona. Mimi nilifika na kumnyang'anya jioni hiyo, nikasema ni heshima.

Ningeishia hapa, makala hii ingekuwa ya kujipiga kifua tu, na ingemfanya Susu mtu wa kuhurumiwa. Hayuko hivyo. Kuna Jumatatu bado.

Jumatatu nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejifunza sentensi kwa Kikamba, nikaisahau, nikasema kwa Kiswahili. Susu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umekuja siku gani?" Nikasema Ijumaa. Akahesabu kwa vidole. "Umelala siku tatu," akasema. Akanyoosha mkono, akanipa mchi.

Unaijua ile nyingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikuwahi kufikiria kwamba ni methali ya upendo. Nilitwanga vibaya sana, nikavunja punje, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Akanionyesha mkono unavyopaswa kulegea mchi unaposhuka. Na tulipokuwa tunatwanga ndipo alipoanza kuongea, kwa sababu mtu haongei na kamera, anaongea na anayefanya naye kazi.

Aliniambia kwa nini ananusa mahindi. Mwaka 2004, hapa Makueni na ng'ambo ya pili Kitui, watu walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, yakaota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Susu hakutaja hesabu hizo, nilizitafuta mwenyewe baadaye. Yeye alitaja jirani. Alisema tangu mwaka ule hakuna hindi linaloingia kinuni kwake bila kupita puani. Watafiti waliopima wameona kwamba kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu hiyo, ingawa haiondoi yote. Kwa hivyo ile picha yangu nzuri ya bibi akinusa mahindi ilikuwa picha ya mwanamke anayewalinda watu wake wasife, na mimi niliweka chini yake alama ya mdomo unaolamba.

Aliniambia pia majina ya njaa. Wakamba huzipa njaa majina, kama vile sisi wengine tunavyowapa watoto. Kuna Ngomanisye, ya mwisho wa karne ya 19, iliyoenea kila mahali, ambayo yeye aliisikia kwa nyanya yake. Kuna ya ndege, 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani, na hiyo anaikumbuka mwenyewe, alikuwa msichana akikimbilia magunia. Kuna Nikw'a Ngwete ya miaka ya 1980, maana yake nakufa nikiwa nimeshika: pesa mkononi unayo, cha kununua hakipo. Aliyasema haya akipepeta, bila kusikitika, kama mtu anayetaja majina ya mitaa aliyopita.

Mchana tukala muthokoi tena. Ulikuwa na chenga, kwa sababu yangu. Susu alinipakulia kwenye sahani ya bati kama yake. Zile za kauri za Ijumaa zilikuwa zimerudi kabatini, na hakuna aliyeleta soda. Nikaelewa kitu ambacho ningekielewa Ijumaa kama ningenyamaza nikala. Katika nyumba ile, wali ni chakula cha mgeni na muthokoi ni chakula cha mtu wa nyumbani. Vyote viwili ni halisi. Kila kimoja kinakuambia wewe ni nani pale. Ijumaa nilikuwa mgeni, na nikaambiwa hivyo kwa lugha nzuri kuliko zote, lugha ya kuku na chapati. Mimi nikataka kuruka foleni. Nilitaka kuwa mtu wa ndani kabla ya kubeba chochote, kana kwamba ukaribu ni kitu cha kuagiza, na ukiwa na hamu ya kutosha utaletewa.

Kwa hivyo nikirudi kwenye swali, mgeni ana haki ya kuomba nini? Jibu langu la leo, na si lazima liwe lako: ana haki ya kula anachopewa, kwa njaa yote aliyonayo. Ana haki ya kuuliza kinapikwaje. Ana haki ya kukaa. Chakula kingine, kile cha chini ya kitanda, hakiombwi. Kinakuja chenyewe ukikaa vya kutosha mpaka wasione tena haja ya kukificha. Na kama huna muda wa kukaa, basi kubali kwamba umekula wali, na ulikuwa mtamu, na huo ndio ukweli wa safari yako. Hakuna aibu katika kuwa mgeni. Kuna aibu katika kukataa kuwa mgeni ukiwa hujawa kitu kingine bado.

Najua kuna mtu atauliza: je, kama kila mgeni atakula wali, muthokoi utajulikana na nani? Swali zuri, na sina jibu safi. Ninachoweza kusema ni kwamba siku Susu, au mjukuu wake, atakapotaka kuuweka muthokoi mezani mbele ya wageni, kwa bei yake au kwa fahari yake, nitakuwa wa kwanza kukaa. Huenda siku hiyo iko karibu. Rafiki yangu alianza kuubeba kazini kwenye mkebe wake wa chakula, jambo ambalo hakuwa akilifanya kabla. Sijamsifu. Namuuliza tu kama umebaki.

Posti niliifuta, ingawa nilijua kuifuta hakufuti alichoambiwa Susu kwenye simu. Deni la mchele nilitaka kulilipa kwa M-Pesa. Rafiki yangu akasema, "Ukituma pesa ya wali, unamfanya mwenye hoteli." Akasema kama nataka kulipa, nirudi nikiwa na kitu mkononi kama mtu yeyote anayekwenda kwao: sukari, majani chai, sabuni, mkate mbili. Akasema, halafu ule unachopewa.

Juzi aliongea na Susu kwenye simu. Mvua za vuli zilikuja vizuri, kunde zimeota. Susu aliuliza yule mtoto wa ziwa, anayevunja mahindi, anakuja lini. Krismasi, rafiki yangu akamwambia. Susu akasema basi ataweka mchele.

Safari hii nitakula mpaka ukoko.